Mshauri wa mawasiliano ya kitabibu anayejitegemea, akiwa Tanga: mwongozo kamili

Wengi wanaoitaka kazi hii ya kuandika na kutafsiri maandishi ya afya kwa ajili ya watafiti huanza kwa kutazama mbali. Wanatengeneza wasifu wa Kiingereza kinachong'aa, wanausambaza kwa kampuni za Uingereza na Uswisi, kisha wanakaa na simu mkononi wakisubiri. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Unaanza na taasisi unazoweza kuzifikia kwa basi asubuhi na jioni ukawa umerudi nyumbani.

Ukiwa Tanga mjini, una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo. Muheza iko NIMR Amani. Korogwe kuna kituo cha utafiti wa malaria. Ukifuata pwani kuelekea kusini unakuta tawi la Taasisi ya Afya Ifakara pale Bagamoyo, ingawa hiyo tayari ni safari ya kulala. Usividharau vituo hivi kwa kuwa viko mikoani. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, yalikuwa na vituo viwili Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Chanjo nyingine ya malaria, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo, sambamba na vituo vya Kenya, Mali na Burkina Faso. Kila mtoto aliyeingia kwenye majaribio hayo alikuwa na mzazi aliyeelezwa, kwa lugha anayoielewa, mwanawe atachomwa nini na kwa nini. Maelezo hayo kuna mtu aliyaandika.

Hatua ya kwanza: amua unauza nini

Mawasiliano ya kitabibu ni pana. Ndani yake mna uandishi wa makala za majarida ya kisayansi, ripoti za wafadhili, mabango ya mikutano, muhtasari wa sera kwa ajili ya wizara, vitini vya kufundishia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vipeperushi vya wagonjwa, dodoso, tafsiri, na zile karatasi za taarifa kwa washiriki wa utafiti zinazokwenda pamoja na fomu ya ridhaa.

Ushauri wangu: anza na karatasi ya taarifa na fomu ya ridhaa. Sababu ni ya kibiashara kabisa. Utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili, na kamati haitoi kibali bila kuona karatasi hizo kwa Kiswahili. Yakiwa majaribio ya dawa au chanjo, inaongezeka idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa hiyo mtafiti anaihitaji kazi yako sasa hivi, ana fungu lake kwenye bajeti, na tarehe ya kuwasilisha inamkimbiza. Makala ya jarida inaweza kusubiri mwaka mzima. Fomu ya ridhaa haisubiri.

Makala utayaongeza baadaye, ukishafahamika. Anayekupa fomu leo ndiye atakayekuletea matokeo ya utafiti uleule miaka miwili mbele.

Je, ni lazima uwe daktari? Hapana. Muuguzi, afisa tabibu, mtaalamu wa maabara, mfamasia, mtu wa afya ya jamii, wote wana pa kuanzia. Hata mwalimu wa Kiswahili anafaa, mradi awe na subira ya kujifunza takwimu. Kwa maoni yangu mwalimu huyo anafika mbali kuliko daktari bingwa anayeandika sentensi ya mistari saba.

Hatua ya pili: jifunze kwa gharama ndogo

Cheti cha kwanza unachohitaji ni cha kanuni za utendaji bora katika majaribio ya kitabibu, zinazofupishwa GCP. Global Health Training Centre wanatoa kozi hiyo bure mtandaoni, na ukifaulu mtihani unapakua cheti. Bila cheti hicho, kwenye timu ya majaribio watakuona mgeni. AuthorAID, mtandao wa kuwasaidia watafiti kuandika, nao wana kozi za bure za uandishi wa kitafiti.

Kisha soma vitu vinne na uvirudie mpaka vikae kichwani. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho ya karibuni mwaka 2024. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kuhusu nani anastahili kuitwa mwandishi wa makala. Orodha za mambo ambayo ripoti ya utafiti lazima iyataje: CONSORT kwa majaribio ya kitabibu na STROBE kwa tafiti za uchunguzi, ambamo mtafiti anatazama tu bila kutoa dawa wala chanjo. Orodha hizo zinapatikana bure kwenye tovuti ya EQUATOR. Na mwongozo wa kamati ya maadili utakayopeleka kazi kwake, kwa sababu kila kamati ina mpangilio wake wa fomu, na fomu iliyopangwa vibaya inarudishwa kabla hata haijasomwa.

Majarida ya kulipia yasikutishe. Kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, taasisi za Tanzania zinapata maelfu ya majarida ya afya. Kama umeunganishwa na chuo au hospitali, muulize mkutubi akusaidie kuingia. Kwa kupanga marejeo tumia programu ya Zotero, haina malipo.

Hatua ya tatu: tengeneza sampuli kabla hujaombwa

Hakuna atakayekupa kazi kwa maneno. Na kazi za wateja ni siri, huwezi kuzionyesha. Kwa hiyo jitengenezee zako tatu.

Ya kwanza: chukua makala ya wazi, kwa mfano kutoka *Malaria Journal*, inayohusu mkoa wetu, uifupishe kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa wazazi. Makala yenye leseni ya CC BY unaruhusiwa kuitumia hivyo, mradi utaje ilikotoka. Ya pili: kipeperushi kuhusu matende na busha. Huku Tanga magonjwa haya yanafahamika sana, na kuyaandikia bila kumvunjia mtu heshima ni kipimo kizuri cha kalamu. Ya tatu: karatasi ya taarifa ya utafiti wa kubuni, iliyokamilika, yenye namba ya toleo na tarehe chini ya kila ukurasa. Hiyo ya tatu ndiyo mtafiti ataisoma kwa makini.

Hatua ya nne: fanya kazi yenyewe

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo unapolipwa.

Omba itifaki nzima ya utafiti, yaani hati inayoeleza utafiti utafanywaje hatua kwa hatua, siyo fomu ya Kiingereza peke yake. Ukitafsiri fomu bila kusoma itifaki, hutajua kwamba "visit 4" ni siku mtoto anatolewa damu na siyo siku ya kupimwa uzito tu. Ukishaisoma, andika kwa maneno yako mwenyewe majibu ya maswali ambayo mzazi yeyote atauliza: mnafanya nini, kwa nini mtoto wangu, atachomwa mara ngapi, damu kiasi gani, ataumia wapi, nikikataa itakuwaje, akidhurika nani atamtibu, majina yetu mtayaweka wapi, nikiwa na swali nimpigie nani. Majibu hayo yakipangika vizuri, fomu imekaribia kuisha. Namba ya simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili zote mbili lazima ziwemo.

Damu ishughulikie kwa uangalifu wa pekee. Pwani hii hadithi za mumiani hazijafa, na mtu akiona "mililita 5" bila maelezo atajaza mwenyewe akilini. Andika: "Tutachukua damu mililita 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai." Ikiwa sehemu ya damu itasafirishwa kwenda maabara ya nje ya nchi, sema wazi inakwenda wapi na kufanya nini. Kuficha jambo hilo kwenye aya ya mwisho ni kuchokoza fitina kijiji kizima.

Sehemu nyingine ngumu ni kundi linganishi, yaani wale wasiopewa chanjo au dawa inayojaribiwa. Katika majaribio ya R21, watoto wa kundi linganishi walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Fikiria mama anayekuja kwa ajili ya malaria anaambiwa mwanawe huenda akachomwa ya kichaa cha mbwa. Aya hiyo haitaki haraka. Eleza kwanza kwa nini lazima kuwe na makundi mawili, kisha kwa nini watafiti waliona ni afadhali mtoto apate chanjo yenye faida nyingine kuliko kuchomwa maji matupu, halafu ndipo utaje chanjo yenyewe. Na pale ambapo utafiti unatumia plasebo, usiandike "dawa bandia" hata kama kamusi inakuruhusu. Dawa bandia ndizo TMDA inazozikamata madukani. Andika "kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa".

Ukimaliza rasimu, toka nayo nje. Nenda Pongwe, nenda Ngamiani, tafuta watu wanaofanana na watakaosomewa, uwasomee. Usiulize "umeelewa?", maana kwa heshima watakuitikia ndiyo. Mwombe mtu akueleze yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Hapa nimesoma kwamba watoto watagawanywa kwenye makundi mawili kwa bahati nasibu. Nikikuomba umweleze jirani yako, utamwambiaje?"

"Nitamwambia watoto wetu wanachezewa bahati nasibu."

Jibu kama hilo lina thamani kuliko maoni ya wataalamu watatu. Unarudi mezani na kuandika: "Kompyuta ndiyo itakayopanga mtoto wako aingie kundi gani. Daktari hachagui, na wewe huchagui. Kila mtoto ana nafasi sawa." Halafu unarudi kusoma tena kwa watu wengine, siyo walewale.

Kumbuka pia kwamba fomu itasomewa wasiojua kusoma. Kanuni zinataka shahidi asiye mtu wa utafiti awepo mazungumzo yote, na mshiriki aweke dole gumba. Acha nafasi ya dole hilo na ya saini ya shahidi. Na soma rasimu yako kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi, ikate.

Baada ya hapo inakuja tafsiri rejeshi: mtu mwingine, ambaye hajaona Kiingereza cha mwanzo, anarudisha Kiswahili chako kwenye Kiingereza, kisha mnalinganisha. Usimpe rafiki anayekuonea haya. Mlipe, na umwambie hana kazi ya kupamba. Mwisho unatoa tamko la mtafsiri lenye saini, likitaja namba ya toleo na tarehe.

Toleo na tarehe ni jambo dogo linaloangusha wengi. Kiingereza kikiwa Toleo 1.2 na Kiswahili kikasoma Toleo 1.1, kamati itarudisha vyote viwili. Na fomu ikishagongwa muhuri, usiguse hata nukta. Badiliko lolote baada ya muhuri linarudi kamatini kama marekebisho.

Hatua ya tano: weka bei bila kuona haya

Wengi hupanga bei kwa kuangalia sura ya mteja. Panga kwa hesabu. Tuseme nyumba na ofisi, pamoja na bando, umeme na usafiri, vinakula shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Usidhani utauza siku zote za kazi. Kutafuta wateja, kuandika maandiko ya kuomba kazi na kufuatilia malipo vinakula nusu ya mwezi. Ukiuza siku 10, kila siku inapaswa kuingiza 150,000. Ongeza theluthi kwa ajili ya kodi, bima, NSSF ya hiari na miezi ya ukame. Unapata 200,000 kwa siku.

Sasa karatasi ya taarifa ya kurasa sita: siku mbili za kuandika, moja ya kuijaribu kwa watu, nusu ya kusahihisha. Hiyo ni 700,000. Ongeza 150,000 za mtu wa tafsiri rejeshi, jumla 850,000. Nauli na posho ya watu utakaowasomea iwe mstari wake peke yake kwenye ankara, maana mhasibu atauliza. Mfano huu ni wa kukuonyesha njia. Weka tarakimu zako.

Bei kwa neno, kama wanavyotoza watafsiri, mimi siipendi kwa kazi hii. Inakulipa zaidi ukiandika kirefu, wakati ubora wote uko kwenye kufupisha.

Hatua ya sita: mkataba

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayokupa mteja, siyo mkataba. Hata kwa kazi ndogo andika barua ya kurasa mbili inayosema: utakabidhi nini, lini, nani upande wa mteja ana kauli ya mwisho, masahihisho ni mizunguko mingapi ndani ya bei (miwili inatosha), na maoni ya kamati ya maadili yakirudi utayashughulikia kwa bei ileile au nyongeza. Kipengele hiki cha mwisho ndicho watu husahau, na ndicho kinacholeta maneno.

Malipo gawanya: asilimia 40 mkisaini, 40 ukikabidhi rasimu iliyojaribiwa, 20 ukikabidhi ya mwisho. Usikubali kamwe sehemu ya mwisho ifungwe kwenye kibali. Kamati ina ratiba yake, na huna uwezo wa kuiharakisha.

Ikiwa ni makala, andika mapema jina lako litakaa wapi. ICMJE wana masharti manne, na mtu huitwa mwandishi akiyatimiza yote: mchango mkubwa kwenye utafiti wenyewe, kuandika au kuhakiki kwa kina, kuridhia toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mshauri wa lugha mara nyingi hayatimizi yote, kwa hiyo jina lake linakaa kwenye shukrani, pamoja na nani aliyemlipa. Mteja akitaka usionekane kabisa, hiyo ni harufu mbaya. Ondoka. Vivyo hivyo mwanafunzi anayetaka umwandikie tasnifu badala ya kuhariri lugha yake tu.

Na watakuja pia wenye dawa za nguvu za kiume wakitaka uwaandikie tangazo lenye lugha ya kitaalamu. Matangazo ya dawa yana utaratibu wake TMDA, na dawa za kuandikiwa na daktari hazitangazwi kwa umma. Jina lako likigandamana na tangazo moja la namna hiyo, watafiti hawatakuita tena.

Hatua ya saba: kodi na karatasi za serikali

Fupi tu. Chukua TIN kutoka TRA, haina malipo. Sajili jina la biashara BRELA kwa mtandao. Leseni ya biashara iombe halmashauri ya jiji kupitia mfumo wa TAUSI. Ukitaka zabuni za taasisi za umma, jisajili NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023.

Mteja wa ndani atakukata kodi ya zuio asilimia 5 ya ada. Kwenye mfano wetu wa 850,000 atabaki na 42,500, nawe utapokea 807,500. Hiyo 42,500 haijapotea: dai cheti cha kodi ya zuio, kwa sababu inapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Bila cheti utalipa mara mbili. Mteja wa nje hakukati, lakini mapato hayo nayo unayatangaza TRA. Muulize pia afisa wako wa TRA kuhusu VAT na mashine ya EFD kabla hujatoa ankara ya kwanza, maana huduma za kitaalamu zina masharti yake.

Ankara kwa mteja wa ndani iwe ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja na kulipa bei kwa fedha za kigeni kwa biashara ya hapa nchini. Kwa mteja wa nje fungua akaunti ya dola, na mkubaliane kwa maandishi nani anabeba makato ya benki njiani.

Hatua ya nane: siri, na programu za akili unde (AI)

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa wewe kama inavyoigusa hospitali. Orodha ya washiriki, picha za vidonda, majibu ya maabara: havipiti WhatsApp. Omba mteja afute majina kabla hajakutumia chochote. Kompyuta iwe na nywila, na nakala za akiba zifungwe.

Programu za akili unde zinaweza kukusaidia kuona sentensi uliyoirudia au koma uliyoiacha. Lakini itifaki ya mteja uliyesaini naye mkataba wa usiri usiibandike kwenye programu ya bure mtandaoni. Na Kiswahili kinachotoka humo mara nyingi ni laini kwa kusoma, kibovu kwa kusikia. Ukimsomea bibi wa Pongwe atakuonyesha pa kusahihisha. Kwenye makala, majarida yanataka utaje kama umezitumia.

Hatua ya tisa: kupata mteja wa pili

Mteja wa kwanza atatokea kwa kujulikana. Nenda kwenye semina za wazi za matokeo ya utafiti, keti nyuma, sikiliza, mwishoni msalimie mratibu wa utafiti. Mratibu ndiye mtu wako. Mtafiti mkuu yuko safarini, barua pepe zake mia tano hazijafunguliwa; mratibu ndiye anayehangaika na fomu saa mbili usiku. Mwachie sampuli yako ya kurasa mbili, siyo wasifu wa kurasa tisa.

Wa pili anatokana na jinsi ulivyomaliza wa kwanza. Wiki moja baada ya kukabidhi, piga simu uulize kamati imesema nini. Maoni yao yaandike kwenye daftari lako, kamati kwa kamati. Baada ya kazi kadhaa utakuwa unajua kamati gani haipendi neno gani, na ujuzi huo hauna kozi inayoufundisha.

Malipo yakichelewa, usianze na mtafiti. Mtafiti atakuambia "tayari nimesaini", na atakuwa anasema kweli. Mtafute mhasibu wa mradi, umuulize kwa upole ankara imefika kwenye meza gani na kinakosekana nini. Mara nyingi kinakosekana kitu cha kijinga: nakala ya TIN, barua ya benki yenye namba ya akaunti, au saini ya kupokea kazi. Peleka siku hiyohiyo, kwa mkono kama ofisi iko mjini, na urudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.